Kiambere: Mandhari ya kuvutia na gharama iliyozama chini ya maji

MSAFIRI anayeshuka kutoka mji wa Embu kuelekea Kiritiri huhisi joto likimpanda kabla hajaona dalili nyingine kwamba ameingia nchi tofauti. Kahawa na majani chai yanayostawi kwenye miteremko ya Mlima Kenya yanabaki nyuma. Udongo unakuwa mkavu, migunga inatokea, mbuzi wanavuka barabara bila haraka, na mbele yanajitokeza mabonde mapana yanayoteremka hatua kwa hatua hadi Mto Tana.

Hii ndiyo Mbeere, na pembeni mwake upande wa mashariki ndiko Kiambere: jina la kilima, la wadi, la bwawa na la kituo cha umeme. Ni eneo ambalo Wakenya wengi hulisikia tu wanapotangaziwa kwamba mabwawa ya Tana yamekauka au yamefurika. Wachache hulitembelea kwa hiari yao.

Hata hivyo, kwa anayependa kusafiri mashambani, kukaa na wenyeji na kuona nchi isiyopambwa kwa ajili ya watalii, Kiambere ina mengi ya kumwonyesha. Makala haya yanaeleza mahali hapo palivyo, wanaoishi hapo, na jambo ambalo mgeni hana budi kulifahamu kabla ya kusimama ukingoni mwa ziwa na kulisifu. Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Methali hiyo haijapata mahali inapofaa zaidi ya hapa.

Mahali na njia

Kiambere ni mojawapo ya wadi za eneobunge la Mbeere Kusini, Kaunti ya Embu. Kwa upande wa utawala, nchi ya Wambeere ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Embu tangu enzi za ukoloni hadi mwaka 1996, ilipopewa wilaya yake yenye makao makuu Siakago. Katiba ya 2010 ilipoleta serikali za kaunti, Mbeere ilirejea chini ya paa moja na Embu.

Kutoka Nairobi msafiri ana njia mbili kuu. Ya kwanza hupitia Embu mjini, kisha huteremka hadi Kiritiri, mji mkuu wa Mbeere Kusini. Ya pili hufuata barabara ya Thika kwenda Garissa, hukata kushoto katika eneo la Kangonde na kupanda kaskazini karibu na mabwawa ya Masinga na Kamburu hadi Kiritiri. Njia hii ya pili inamfaa zaidi anayetaka kuyaona mabwawa kwa mfuatano wake.

Kutoka Kiritiri safari inaelekea mashariki. Kilima cha Kiambere kinaonekana mapema na kumwongoza msafiri kama mnara. Matatu hufika kwenye masoko makubwa. Kwingine ni bodaboda au miguu. Misimu ya mvua ni miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na wakulima wa huku huitegemea zaidi ile ya pili. Baada ya mvua nchi nzima huvaa kijani kwa wiki chache, lakini njia za udongo huwa utelezi na makorongo hujaa ghafla. Wakati wa kiangazi njia hupitika vyema, ingawa vumbi na jua ni vya kustahimili.

Wambeere na nchi yao

Wambeere ni jamii ya Kibantu. Lugha yao, Kimbeere, iko karibu sana na Kiembu, na ni jamaa ya Kikikuyu, Kimeru na Kikamba. Wanapakana na Waembu upande wa mlimani na Wakamba ng'ambo ya Mto Tana.

Neno "kijiji" linaweza kumpotosha mgeni. Asiyezoea hutarajia nyumba zilizosongamana pamoja, na uwanja katikati. Katika Mbeere maboma hutawanyika, kila moja na shamba lake, malisho yake na miti yake. Kitovu cha maisha ya pamoja ni soko, shule, kanisa na kisima. Mgeni anayetaka kuonana na watu na aende siku ya soko, si kuzungukazunguka miji ya watu akichungulia.

Kiungo kikuu cha jamii ni ukoo, ambao kwa Kimbeere huitwa muviriga. Zamani ardhi ilikuwa mali ya ukoo, na historia ya nchi ilihifadhiwa vichwani mwa wazee: ni nani aliyefyeka mgongo fulani wa kilima kwanza, babu yupi alitundika mizinga yake katika bonde gani, mpaka ulipita chini ya mti upi. Kazi ya kupima ardhi na kutoa hatimiliki ilipoanza kuingia Mbeere kuanzia miaka ya 1970, kumbukumbu hizo ziligeuka kuwa ushahidi. Koo zilishtakiana, wazee wakaitwa kutaja nasaba zao mbele ya mabaraza, na kesi nyingine zikadumu kwa miaka mingi. Mwanaanthropolojia Jack Glazier aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hilo, kilichochapishwa mwaka 1985.

Mwaka 1988 watafiti David Brokensha na Bernard Riley walitoa kazi yenye juzuu mbili kuhusu Wambeere. Juzuu moja inahusu mabadiliko ya mazingira ya mashambani, na nyingine inahusu mimea: majina yake kwa lugha ya wenyeji na matumizi yake. Kwamba maarifa ya mimea ya wakulima na wafugaji wa nchi kavu yaliweza kujaza juzuu moja ni ushahidi tosha. Kichaka ambacho mpita njia hukiona kama pori tupu, kwa mwenyeji ni ghala la dawa, kuni, kamba, lishe ya mbuzi na matunda ya wakati wa njaa.

Kwa hiyo msafiri aanze safari akijua kwamba katika Kiambere hakuna pahali palipo "patupu". Kila mgongo una jina, na kila bonde lina wenyewe.

Ziwa lililoundwa

Mto Tana ndio mrefu zaidi nchini Kenya. Vyanzo vyake viko katika Mlima Kenya na safu ya Aberdare, na baada ya safari ya takriban kilomita 1,000 unamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Kati ya nyanda za juu na tambarare za Garissa mto huu huteremka kwa kasi, na hapo ndipo Kenya ilipojenga mtungo wa mabwawa matano ya kuzalisha umeme.

Yakitajwa kwa mpangilio wa mkondo wa maji, ni Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mpangilio wa ujenzi ulikuwa tofauti. Kindaruma lilitangulia mwaka 1968, likafuatwa na Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978 na Masinga mwaka 1981. Kiambere lilikamilika mwaka 1988. Kwa jumla vituo hivi vina uwezo wa kuzalisha takriban megawati 600.

Bwawa la Kiambere lina ukuta wenye kimo cha zaidi ya mita 100, na ziwa lake hufunika eneo la takriban kilomita mraba 25 linapojaa. Kituo chake kilianza kikiwa na uwezo wa megawati 144. Mitambo ilipofanyiwa ukarabati, uwezo huo ulipandishwa mwaka 2009 hadi megawati 168, na kukifanya kuwa cha pili kwa ukubwa katika mtungo huo baada ya Gitaru. Kampuni ya KenGen ndiyo inayoendesha mitambo ya umeme, nayo mamlaka ya ustawi wa mabonde ya mito Tana na Athi, TARDA, ina nafasi yake katika usimamizi wa bwawa na ardhi inayolizunguka.

Maadamu Kiambere ni la mwisho katika mtungo, linapokea kila kitu kinachotoka juu. Mvua zikikosekana, ziwa hurudi nyuma na kuacha kingo za matope makavu. Ukame wa mwaka 1999 na 2000 uliikumba nchi nzima, na Wakenya wakapewa umeme kwa mgao. Mvua zikizidi, maji hupita juu ya kingo za kumwagia na kuteremka hadi Garissa na Tana River. Ilikuwa hivyo mwaka 2018, na tena mwaka 2024, wakazi wa kingo za chini walipotakiwa kuhamia nyanda za juu.

Ukilitazama ziwa hili asubuhi, kabla upepo haujaanza, maji yametulia na vilima vya Kitui vimejichora juu yake. Ndege weupe husimama kwenye miti iliyokufa maji yakiwa kifuani mwake. Miti hiyo ndiyo alama ya pekee inayomkumbusha mgeni kwamba mahali hapo palikuwa nchi kavu, na si zamani.

Waliohama

Kabla ya maji kupanda, kingo za Tana katika eneo la Kiambere zilikuwa na mashamba na maboma pande zote mbili za mto, kwa Wambeere na kwa Wakamba. Katika nchi yenye mvua za kubahatisha, udongo wa kando ya mto ulikuwa akiba. Mwaka ambao mvua ilikataa, shamba la mtoni lingali na unyevu.

Maelfu ya watu walilazimika kuondoka. Fidia ilitolewa kwa pesa taslimu badala ya ardhi mbadala. Kwa karatasi jambo hilo lilionekana la haki: mali ilipimwa, ikatiwa bei, na mwenyewe akalipwa. Lakini anayejua soko la ardhi mashambani ataona tatizo mara moja. Familia nyingi zinapotafuta mashamba katika eneo moja kwa wakati mmoja, bei hupanda, na pesa zilizopimwa kwa bei ya jana hazinunui ardhi ya leo. Isitoshe, shamba la mlimani si badala ya shamba la mtoni, hata kama ukubwa ni ule ule.

Yaliyofuata yamewekwa kwenye rekodi. Mwanasosholojia Edward Mburugu alichunguza hali ya familia zilizohamishwa, na matokeo yake yamenukuliwa mara nyingi katika maandishi ya kimataifa kuhusu watu wanaohamishwa na miradi ya maendeleo. Aligundua kwamba wastani wa ardhi ya kila familia ulishuka kutoka hekta 13 hadi hekta sita. Mifugo ilipungua kwa zaidi ya thuluthi moja. Mavuno ya mahindi kwa hekta yalipungua kwa asilimia 68, na ya maharagwe kwa asilimia 75. Mapato ya familia yaliporomoka kwa asilimia 82.

Msomaji na azitafakari takwimu hizo polepole. Familia iliyokuwa na shilingi kumi ilibaki na chini ya shilingi mbili. Hawakuwa watu waliopigwa na ukame au vita. Walikuwa wananchi walioombwa wapishe mradi wa taifa.

Benki ya Dunia ilikuwa miongoni mwa wafadhili wa Kiambere, na mfano huu ukaja kutumiwa na wataalamu wa benki hiyo hiyo kuonyesha jinsi fidia ya pesa pekee inavyoweza kumfukarisha anayelipwa. Funzo lilipatikana, lakini waliolilipia karo walikuwa watu wa Mbeere na Mwingi.

Nyaya juu ya mapaa

Jambo la pili ambalo msafiri ataliona ni nyaya. Minara ya chuma inavuka vilima ikipeleka umeme wa Tana kwenye viwanda na majiji. Kwa miaka mingi wakazi wa eneo la mabwawa wamelalamika kwamba umeme huo hupita juu ya mapaa yao huku wao wakiwasha koroboi. Mpango wa serikali wa kuunganishia wananchi stima, uliozinduliwa mwaka 2015, ulifikisha nyaya katika vijiji vingi vya Kenya, lakini swali la msingi lingali palepale: anayeishi kando ya rasilimali anastahili fungu gani?

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 69, inaiagiza serikali kuhakikisha kwamba manufaa ya maliasili yanagawanywa kwa haki. Kuliandika jambo ni hatua moja, kulitekeleza ni nyingine. Na mjadala huu si wa historia tu. Mpango wa kujenga bwawa kubwa la High Grand Falls, chini zaidi katika mto huo huo, umekuwa ukizungumzwa kwa miaka mingi. Iwapo siku moja utatekelezwa, yaliyotokea Kiambere ndiyo yatakayokuwa kipimo.

Mtama, mukau na mizinga

Licha ya hayo yote, Kiambere si nchi ya maombolezo. Watu wanalima, wanafuga na kujenga. Mazao ya huku ni yale yanayostahimili kiangazi: mtama, mawele, kunde, mbaazi na hasa ndengu, ambazo zimekuwa zao la biashara. Anayepita wakati wa mavuno ataona ndengu zimeanikwa uani na akina mama wakizipepeta.

Mbuzi ni benki ya familia. Mvua zikigoma, mbuzi mmoja huuzwa na unga ukanunuliwa; karo ikidaiwa, wengine wawili hufuata. Mizinga ya magogo iliyotundikwa matawini ni urithi wa tangu jadi. Asali si chakula tu, bali ina nafasi katika ada za mahari na mapatano baina ya koo. Mgeni akikutana na mzinga mwituni asidhani hauna mwenyewe.

Katika miti, msafiri na autafute mukau, ambao wanasayansi wanauita Melia volkensii. Ni mti wa nchi kavu za Afrika Mashariki. Mbao zake hazishambuliwi na mchwa kwa urahisi, na majani yake huliwa na mifugo wakati nyasi zimekwisha. Ugumu wake ni mbegu, ambazo hazioti kirahisi. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, kupitia kituo chake cha Kitui, imefanya kazi kubwa ya kuboresha mbegu na miche ya mukau kwa ushirikiano na Japani. Katika Kiambere kwenyewe mukau umepandwa kwa wingi kama zao la mbao, na mashamba yake yaliyopangwa kwa mistari huonekana kama kitu kigeni katikati ya vichaka.

Zao jingine ndilo limeleta kelele hadi Mombasa. Muguka, aina ya miraa yenye majani madogo laini, ndilo zao la pesa la sehemu nyingi za Mbeere. Mnamo Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku uuzaji wake katika kaunti yake akitaja madhara kwa vijana, na kaunti nyingine za Pwani zikachukua hatua kama hiyo. Wakulima wa Embu walikimbilia Mahakama Kuu ya Embu, ambayo ilisimamisha marufuku hayo. Mzazi wa Pwani anayemwona mwanawe akiharibika ana hoja. Na mzazi wa Mbeere anayelipa karo kwa muguka katika nchi ambayo mahindi hukauka kila mara, naye ana hoja. Mgeni anayepita akiona vijana wakichuma majani hayo alfajiri, na akumbuke kwamba katika kila fungu mna karo na unga wa mtu.

Mbuga, mamba na viboko

Magharibi mwa Kiambere, kwenye mabwawa ya Kamburu na Masinga, ndiko iliko Mbuga ya Mwea, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1976. Si kubwa na haina umaarufu wa Maasai Mara, na huenda hiyo ndiyo heri yake. Ndovu, nyati, twiga, viboko na mamba wamo, na wapenzi wa ndege huja kutafuta spishi ambazo ni adimu kwingine, akiwamo mmoja anayepatikana nchini Kenya pekee.

Nje ya mbuga, mabwawa yenyewe yana mamba na viboko. Wavuvi huvua ngege na kambare katika maji hayo, na wanawake na watoto huteka maji kwenye kingo hizo hizo. Watu wamejeruhiwa na wengine wamepoteza maisha. Kwa mgeni, kiboko anayepiga miayo mbali ni picha nzuri. Kwa anayeteka maji, ni hesabu ya kila jioni. Msafiri asiogelee, asitembee ukingoni giza likiingia, na afuate ushauri wa mwenyeji hata kama anauona una uoga kupita kiasi. Aisifuye mvua imemnyea.

Adabu za msafiri

Safari za kutembelea makabila ya vijijini zimekuwa biashara kubwa duniani, na nchi inayotoa mafunzo mengi ni India. Jamii za Adivasi, yaani wakazi wa mwanzo, na makabila mengine yanayotambuliwa kisheria zilifikia watu zaidi ya milioni 100 katika sensa ya mwaka 2011, takriban asilimia 8.6 ya taifa zima. Watalii huzifuata katika misitu na milima ya Chhattisgarh, Odisha na majimbo ya kaskazini-mashariki.

Mwaka 2012 India ilitikiswa na kanda ya video iliyoonyesha wanawake wa jamii ya Wajarawa, katika visiwa vya Andaman, wakichezeshwa ngoma mbele ya watalii ili wapewe chakula. Dunia ikaona kwamba mstari kati ya kuzuru watu na kuwatazama kama wanyama wa mbugani ni mwembamba.

India hiyo hiyo ina kisa kinachofanana na cha Kiambere. Bwawa la Sardar Sarovar, kwenye Mto Narmada, lilihamisha watu wengi, wakiwamo Adivasi wengi. Upinzani ulikuwa mkali hivi kwamba Benki ya Dunia iliunda tume huru iliyoukosoa mradi mwaka 1992, na mwaka uliofuata ufadhili wake ukakoma. Bwawa lilizinduliwa rasmi mwaka 2017, na leo watalii humiminika karibu na hapo kutazama sanamu kubwa na ziwa. Wengi wao hawaulizi ni nani aliyeishi chini ya maji hayo.

Kiambere haina boma lililojengwa kwa ajili ya watalii, wala wachezaji wanaosubiri basi lifike. Hiyo ni bahati, kwa mgeni na kwa mwenyeji. Lakini bahati hiyo hudumu tu ikiwa mgeni ataijua nafasi yake.

Kwanza, apige hodi. Anayetaka kuzunguka vijijini au kupanda kilima na aanzie kwa naibu wa chifu au mzee wa kijiji, ajieleze ametoka wapi na anatafuta nini. Atapewa kijana wa kumwongoza, na kijana huyo alipwe ujira wa haki. Katika kilima na vichaka vyake yapo mahali ambapo wazee wanapaheshimu. Akiambiwa asipite, asipite.

Pili, kamera isitangulie salamu. Ukuta wa bwawa na mitambo ya umeme ni maeneo yanayolindwa, na haipigwi picha bila ruhusa. Vivyo hivyo watu. Mzee anayeamkuliwa kwa heshima na mama anayeulizwa kwanza hukubali mara nyingi. Mtoto asipigwe picha bila idhini ya mzazi.

Tatu, pesa zibaki zilikotumika macho. Asali, ndengu, mbuzi wa kuchoma na vyondo vinunuliwe pale pale, kwa bei isiyomkandamiza muuzaji. Kubishana shilingi ishirini na mama aliyebeba kunde kilomita kadhaa si ujanja.

Nne, maji. Mgeni abebe yake. Katika nchi ambayo mwanamke huchimba mchanga wa korongo kupata ndoo moja, kuomba maji ya kuoga mara mbili kwa siku ni kuomba zaidi ya chakula. Dawa za malaria, kofia na viatu vya kufunika mguu visisahaulike.

Kuuliza kabla ya kusifu

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kiambere methali hiyo ina deni la kulipwa. Wageni wa kwanza waliokuja huku kwa ukubwa, wahandisi na matingatinga yao, walileta umeme kwa taifa na kuacha familia nyingi na chini ya nusu ya ardhi yao. Wageni wa sasa, wenye mkoba mgongoni na kamera shingoni, hawawezi kulilipa deni hilo. Wanachoweza ni kutoliongeza, na kutolisahau.

Atakayefika ukingoni mwa ziwa jioni, jua linapozama nyuma ya Kilima cha Kiambere na taa za kituo cha umeme kuanza kuwaka, na amgeukie mwenyeji aliyemwongoza na kumwuliza swali moja: hapa palikuwa wapi kabla ya maji? Iwapo mwongoza njia ni kijana, huenda atamwita baba au nyanya yake aje kujibu. Hapo ndipo msafiri atakapoanza kusikia majina ambayo hayamo kwenye ramani: shamba la fulani, kivuko cha ng'ombe, mkwaju wa ukoo fulani. Aketi ayasikilize hadi mwisho.